Mvue shati kwanza

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua asubuhi. Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia. Unasema mama mkwe wako amefika kutoka Sengerema, amemsikia mtoto akikohoa usiku mpaka anatapika, na ameshaamua kuwa ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, na kikatwe. Fundi wa kukata anamjua mwenyewe. Unaniuliza umkatalie vipi bila kuonekana huna adabu.

Hilo nitalifikia. Lakini katika maneno yote hayo umenieleza mama mkwe kasema nini, wifi yako kachekaje na mumeo kanyamazaje. Huyo mjukuu wangu, mume wangu mdogo, anapumuaje? Hukuandika. Ananyonya? Anacheza? Umemvua shati ukamtazama kifua?

Mvue shati kwanza. Asiwe analia wala ananyonya. Awe ametulia, au amelala. Mweke penye mwanga, fungua saa ya simu, hesabu pumzi dakika nzima, kifua kupanda na kushuka ni moja. Usihesabu nusu dakika ukazidisha, maana pumzi za watoto haziendi sawasawa. Huyu ana miezi tisa: zikifika 50 au zaidi, jifunge kanga uende hospitali, hata kama ni usiku. Akitimiza mwaka, hesabu ya kutisha inashuka, inakuwa 40. Kichanga asiyefika miezi miwili ni 60, ingawa wa umri huo akichemka tu au akikataa titi, mimi ningekuwa njiani bila kuhesabu chochote.

Kisha tazama chini ya mbavu. Mtoto akivuta pumzi, kifua hupanuka. Ukiona sehemu ya chini inabonyea ndani wakati anavuta, usimalizie hata hiyo dakika. Na kama hawezi kunyonya, au anatapika kila anachopewa, au amepata degedege, au analala usingizi ambao ukimwita haamki vizuri, kifua achana nacho, ondoka.

Kikohozi kina kelele, na kelele huamsha nyumba nzima na kila mtu anatoa dawa yake. Nimonia inaweza kukaa kwenye mapafu ya mtoto anayekohoa kidogo tu. Ndiyo maana nasema, na kaka zako wamechoka kunisikia: sikio linadanganya, mvue shati utazame.

Habari ya ndugu yako Hamisi na kimeo unaijua kama shangazi zako wanavyoisimulia kwenye harusi, bibi yako akiwa kichekesho. Haikuwa hivyo. Ilikuwa 1994, masika, baba yako yuko kiwandani Mtibwa, mimi naishi kwa mama mkwe wangu Mkuyuni. Hamisi mdogo kuliko huyu wako sasa. Akakohoa, bibi akasema kimeo, na mimi mke wa mwanawe ningebisha kwa mdomo gani? Tukaondoka alfajiri.

Yule fundi watu humsimulia kama mchawi. Alikuwa mzee mpole, msafi, wembe wake kaufunga kwenye kitambaa. Akasema mtoto ashikwe vizuri, avuliwe na nguo zisije zikaingia damu. Bibi yako akamvua. Akabaki amesimama na shati mkononi.

"Mbona mbavu zinazama?"

Fundi akasema watoto wote huwa hivyo wakiogopa.

"Huyu haogopi. Huyu amelala."

Akamfunga mgongoni, wala hakuaga. Mtu aliyeamini kimeo maisha yake yote, aliyewapeleka wanawe wote kukatwa, aligeuka pale mlangoni na kuteremka kwenye matope mbele yangu, mimi namkimbilia. Barabarani tukapata lori la ndizi. Nikikumbuka mgongo wake unavyokwenda mbele yangu bado nacheka kwa furaha, peke yangu jikoni.

Kituoni walimhesabia pumzi, wakamwanzishia sindano za penisilini. Ndipo aliyekuwa zamu akauliza tumetokea wapi. Bibi yako hakujua kusema uongo. Akaambiwa mbele ya foleni nzima: "Nyie vikongwe ndio mnaotumalizia watoto." Nikamjibu yule mtu kwamba huyo anayemtukana ndiye aliyemleta mgonjwa. Nikaambiwa nikapunguzie mdomo nje. Nikatoka, na mdomo sikuupunguza.

Hamisi alipona, unamwona alivyo na tumbo. Lakini bibi yako hakusema tena neno juu ya ugonjwa wa mtoto. Ulipopata surua wewe nikamwuliza, akanijibu, "Waulize wenye makoti meupe." Macho yale, yaliyoona mbavu kabla ya wote, yalizimwa kwa sentensi moja. Hilo linaniuma kuliko matope na kuliko foleni.

Najua utasemaje. Utasema, lakini mama, si ndiye aliyewapeleka kwa fundi? Ndiye. Na kama fundi asingejali nguo, wembe ungeingia kooni mwa mtoto ambaye hata pumzi inamshinda. Damu humwagika mpaka haizuiliki, kidonda huoza, pepopunda huingia, na wembe mmoja ukipita kwa watoto watatu hubeba na virusi. Nikiwaza hapo namkasirikia marehemu. Kisha nawaza lile shati mkononi mwake, hasira inaisha. Kesho yake naanza upya.

Kimeo chenyewe kila mtu anacho, hata daktari wa hospitali ya Bugando. Fungua mdomo kwenye kioo utakiona. Mtoto akikohoa sana kinavimba kama koo lote linavyovimba, basi watu wakichungulia wanaona kitu chekundu kinaning'inia, wanasema ndicho. Na vikohozi vingi vya mafua huisha vyenyewe ndani ya wiki mbili. Fundi hukata wiki ya pili, mtoto hupona wiki ya pili, sifa anachukua nani? Kwa hiyo mama mkwe wako hakudanganyi akisema ameona watoto waliopona. Amewaona kweli.

Sasa la kukataa. Usimwambie ni ushamba, na usimtumie video za madaktari. Mpe kazi. Mwambie, "Mama, nisaidie kumtazama kifua, wewe hesabu, mimi nashika simu." Na kwa kuwa anakohoa mpaka anatapika, kesho asubuhi apelekwe kliniki hata kama hesabu ni nzuri, maana kuna kifaduro. Chukua kadi, waone sindano zake za wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne. Ndani yake kuna kinga ya kifaduro, na kuna chanjo ya nimonia iliyoanza hapa kwetu mwanzoni mwa 2013. Hamisi hakuipata hiyo. Mama mkwe nenda naye. Amwulize daktari mwenyewe, asikie mwenyewe. Ukiona mtu yeyote pale anataka kumfokea, wewe usinyamaze.

Lakini akimbeba mtoto kwenda kwa fundi, adabu imefika mwisho. Wembe haumgusi. Na atakayemwambia ni mumeo, ni mama yake yule. Amenyamaza vya kutosha.

Wakisema ni mafua tu, mnyonyeshe mara nyingi kuliko kawaida, pua uisafishe kwa maji ya chumvi kidogo, na dawa za kikohozi za dukani ziache huko huko dukani. Asali usimpe, hajafika mwaka, hata mama mkwe akisema wake wote walilambishwa. Wiki mbili zikipita bado anakohoa, mrudishe, na uwaambie kama kuna mtu hapo nyumbani anakohoa siku nyingi, wampime kifua kikuu.

Kuhusu mama mkwe wako mwenyewe, nina maneno. Niliyaandika hapa nikayafuta. Mtu anayeshuka kwenye basi na jina la fundi mdomoni kabla hata hajamshika mjukuu... basi, nimesema sisemi. Sijamwona akimvua shati.

Nitumie hesabu ya pumzi usiku huu huu, na picha ya kadi. Piga wewe, mimi sina salio. Na hii barua usiiache mezani, wifi yako anajua kusoma.

Mama yako