Bwawa limejaa, samaki hawakui

Swali: Shikamoo mzee. Nina bwawa huku Ilemela. Nilipanda vifaranga wa sato, mwaka umekatika. Wamejaa tele ila hakuna anayezidi kiganja. Niliuziwa mbegu mbovu?

Jibu: Marahaba mwanangu. Mbegu usiisingizie. Sato jike huanza kuzaa angali mdogo, na mayai huyaatamia mdomoni. Sasa wote wanagombea pumba ileile, hewa ileile. Kidogo wanachopata kinaishia kwenye kuzaa, mwili haupati kitu. Langu nilipolikausha nilikuta majike wenye mayai, urefu wa kidole changu cha kati! Vua wadogo, kaanga. Bakiza madume, utie kambale wachache wapunguze vitoto. Sangara ziwani hawahitaji kambale: wakubwa huwala wadogo wao wenyewe.