Jinsi ya kuwapata mbayuwayu wa zambarau kwa mara ya kwanza

Kila mwaka ifikapo Februari, Waswahili wenzangu wa hapa Houston huniuliza swali lile lile: "Nimenunua nyumba nzuri ya ndege, nimeisimamisha uani, mbona haji hata mmoja?" Wanamzungumzia mbayuwayu wa zambarau, yule ambaye Wamarekani humwita purple martin. Nami huwajibu kwa swali: umeisimamisha wapi? Nikiambiwa iko chini ya mti, penye kivuli kizuri, sina haja ya kuuliza zaidi.

Ndege huyu anataka anga. Huwinda akiruka, hula akiruka, na hata maji huyachota kwa mdomo huku akipita juu ya bwawa. Akirudi nyumbani hushuka kwa kasi kutoka juu, na kabla hajatua anataka aone pande zote kama kipanga amejificha mahali. Kwa hiyo mlingoti wako uwe mbali na mti wowote unaoizidi nyumba hiyo kimo: mita 12 hivi angalau, na ukipata 18 ni bora zaidi. Mlingoti wenyewe uwe wa mita 4 hadi 5. Lakini usimpeleke mwisho wa shamba ukidhani anapenda upweke. Weka nyumba yake kati ya mita 10 na 35 kutoka kwako. Anapenda kuwa karibu na watu, kwa sababu penye watu maadui zake husita kusogea.

Ukaribu huo una historia ndefu. Kabla Wazungu hawajafika, Wachoctaw, Wachickasaw na mataifa mengine ya kusini-mashariki walikuwa wakitundika vibuyu vitupu kwenye miti iliyokatwa matawi, na mbayuwayu hawa walikuja kuzaliana humo. Vizazi vilivyofuata vikaacha kutafuta mashimo ya vigong'ota. Leo, mashariki ya Milima ya Rocky, karibu wote huzaliana kwenye nyumba na vibuyu vilivyowekwa na binadamu. Ni wale wa magharibi tu wanaoendelea na mashimo ya miti, na wa jangwa la Arizona hukaa kwenye mashimo ya dungusi wakubwa. Fikiria maana yake: sisi tukiacha kutundika, ndege hawa wa mashariki hawana pa kwenda. Hilo ndilo lililonifanya nianze, na ndilo linalonifanya niseme wazi kwamba kama uani kwako hakuna uwazi, usilazimishe. Ongea na msikiti wako, kanisa lako au shule iliyo jirani. Wengi wana viwanja vipana vya nyasi, na wengine wana bwawa kabisa. Na kama unaishi kwenye mtaa wenye chama cha wenye nyumba, soma masharti yao kuhusu milingoti kabla hujachimba shimo.

Nyumba au vibuyu? Mimi ni mtu wa vibuyu, na sibadiliki. Sisi tuliokua tukinywa maziwa na togwa kutoka kwenye vibuyu tunajua jinsi kinavyotunza kilichomo. Mmung'unye asili yake ni Afrika, na ulikuwa umeshafika bara la Amerika maelfu ya miaka kabla ya Columbus, basi ukiupanda Texas hufanyi jambo geni. Chagua tunda nene lenye upana wa sentimita 25 hadi 30. Liache likauke kwa miezi mpaka mbegu zicheze ndani, likwangue ukungu wote, toboa tundu la mlango ubavuni na vitundu vidogo chini vya kutoa maji. Shingoni toboa pa kupitisha waya. Kisha lipake rangi nyeupe, kwani jua la hapa halina huruma na makinda hupikika kwenye rangi nyeusi. Kibuyu kinaning'inia na kuyumba, na mbayuwayu hawajali kuyumba huko. Kama huna muda wa kilimo, vipo vya plastiki vyenye mfuniko wa kufungua ubavuni, na hurahisisha sana ukaguzi. Ukipendelea nyumba ya vyumba, hakikisha kila chumba kina kina cha sentimita 30 hivi. Nyumba nyingi za dukani zina vyumba vya sentimita 15 kwa 15, na humo bundi hufika mpaka kwenye kiota kwa kunyoosha mguu tu.

Kuhusu tundu, nakuomba usiwe na haraka. Tundu la duara la sentimita 5 na nusu linamfaa mbayuwayu, ila linamfaa pia kwezi wa Ulaya, ambaye huingia, hutoboa mayai na huua hata ndege wazima. Tumia tundu la umbo la nusu mwezi lenye urefu wa sentimita 3 na upana wa 7 na nusu, na ukingo wake wa chini ukaribie sakafu. Mbayuwayu hujibana akapita. Kwezi, kwa kifua chake kinene, hubaki nje.

Kwezi hao hawakuwepo Marekani zamani. Waliachiliwa kwenye bustani ya Central Park, New York, mwaka 1890, na shorewanda, ambao hapa huitwa house sparrow, walikuwa wameshatangulia kuletwa Brooklyn miaka ya 1850. Aliyekulia Dar es Salaam au Zanzibar anaielewa habari hii bila maelezo marefu, maana amemwona kunguru wa India, aliyeletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, akivamia viota vya ndege wa asili. Shorewanda ndiye atakayekusumbua zaidi, kwa sababu tundu la nusu mwezi halimzuii. Ukiona majani makavu, manyoya na vipande vya plastiki vimejazwa ndani ya kibuyu, toa vyote, na kesho toa tena. Sheria ya ndege wahamiaji ya mwaka 1918 inawalinda mbayuwayu na karibu ndege wote wa asili, ila shorewanda na kwezi wa Ulaya haiwahusu. Jifunze kwanza kumtambua shorewanda vizuri, usije ukavunja kiota cha ndege mwingine.

Sasa nije kwenye tarehe, ambapo wengi hukwama. Mbayuwayu wa kwanza hufika pwani ya Texas kutoka Brazil kuanzia mwisho wa Januari. Watu huwaona, hufurahi, hukimbia kufungua nyumba zao. Hao ni wakongwe. Wana makazi yao ya mwaka jana na wanarudi hapo hapo. Kwako wanapita tu. Unaowahitaji wewe ni vijana waliozaliwa mwaka uliopita, ambao bado hawana pao. Hao huanza kufika wiki 4 hadi 6 baadaye na huendelea kuingia kwa muda mrefu. Kwa Houston, fungua matundu katikati ya Machi na usikate tamaa hadi Juni iishe. Kwa ndugu zetu wa Ohio au Pennsylvania, anza kuhesabu wiki hizo tangu wakongwe waonekane kwenu, wanaofika huko Aprili. Ukifungua mapema unakuwa umewakaribisha shorewanda tu.

Kijana utamjua kwa kifua. Dume mkongwe ana rangi ya buluu iliyokoza mwili mzima, inayong'aa juani hadi ikaelekea zambarau. Dume kijana ana madoa meusi yaliyotawanyika kwenye kifua cheupe-cheupe, na jike kijana tumbo lake ni jeupe zaidi ya lile la jike mzima. Walionijia mimi mwaka wa kwanza walikuwa vijana hao hao, mwishoni mwa Aprili, wakati majirani walikuwa wameshaacha kuniuliza. Dume alitangulia, akaingia kibuyu kimoja baada ya kingine, kisha akatoweka siku kadhaa. Mzee jirani yangu, mtu wa Louisiana aliyewatunza ndege hawa tangu ujana wake, aliniambia nisiguse kitu: nisihamishe mlingoti, nisiongeze pambo. Dume alirudi na jike. Walipoanza kubeba tope na vijiti nikajua wamekaa. Karibu na kutaga huongeza majani mabichi, na ukiyaona hayo jiandae kwa mayai meupe, kwa kawaida 4 au 5.

Kitu kimoja husaidia kuwaita. Madume wakongwe huimba angani kabla ya alfajiri, na vijana wanaopita husikia wakajua pana kijiji. Purple Martin Conservation Association, shirika la Pennsylvania lililoanzishwa mwaka 1987, lilirekodi wimbo huo na kuusambaza. Upige kwa spika ndogo kabla ya mapambazuko, kwa sauti isiyomwamsha jirani. Weka pia maganda ya mayai yaliyookwa na kusagwa kwenye sinia lililo wazi. Majike huyahitaji kwa ajili ya chokaa.

Kuna jambo nisingependa ulichukue hivi hivi: kwamba ndege huyu hula mbu elfu mbili kwa siku. Hayo ni maneno ya matangazo ya biashara yaliyoenea sana. Yeye huwinda mchana, juu sana, na anachokileta nyumbani ni kereng'ende, mbawakawa, nondo, na hapa kusini hata wale sisimizi wakali wakiota mabawa. Mbu ni wachache mno kwenye mlo wake. Mwaga maji yaliyotuama kwenye ndoo zako, na mpende ndege kwa alivyo.

Wakishataga, kazi yako imeanza. Nyoka wa Texas hupanda mlingoti wa chuma uliolainishwa kana kwamba ni ngazi, na rakuni vilevile. Funga silinda pana ya bati kuzunguka mlingoti kabla yai la kwanza halijatagwa, na chini yake ongeza wavu wa kunasia nyoka. Mlingoti uwe na kapi ili ushushe vibuyu kila wiki ukague. Wazazi hawakimbii kwa sababu umegusa kiota. Hiyo ni hofu isiyo na msingi. Mayai huanguliwa baada ya siku 15 au 16. Makinda yakifikisha siku 22 hivi acha kushusha, maana yanaweza kuruka kabla ya wakati. Huondoka kwenye kiota yakiwa na siku 26 hadi 32.

Mvua ya siku mfululizo au baridi chini ya nyuzi 10 za Selsiasi ndiyo adui mkubwa, kwa kuwa wadudu hawaruki. Zikipita siku 2 au 3 bila chakula wanaanza kufa. Warushie nyenje hewani kwa kijiko cha plastiki mbele ya macho yao, mpaka mmoja adake; wengine watamwiga. Wakizoea, watakula hata mayai ya kuvuruga yaliyokatwa vipande vidogo na kuwekwa kwenye sinia la juu.

Kufikia Julai wanahamia kwenye mikusanyiko ya jioni, maelfu kwa maelfu wakilala pamoja, kabla ya kuvuka kwenda Amazonia. Hapo shusha vibuyu, toa viota, osha, kausha juani, hifadhi pakavu, na kilichopasuka kibadilishe. Mwakani tarehe zako zitabadilika: waliozalia kwako watarudi wakiwa wakongwe, na wakongwe hawangoji katikati ya Machi. Vibuyu viwe juu kufikia mwanzo wa Februari, vikiwa vimezibwa matundu, na uvizibue siku utakapomwona wa kwanza akizunguka mlingoti.