Iran: kupiga au kuongea? Majibu kwa barua zenu

Barua nyingi mlizotuandikia zinahusu vituo vya nyuklia vya Iran vilivyopigwa na Israel na Marekani Juni 2025. Tumechagua nne.

Ndugu wahariri, vituo vyenyewe vinajulikana vilipo. Kwa nini visipigwe mpaka viishe, badala ya kupoteza miaka mezani?

Vituo vinajulikana, ndugu msomaji. Shida ni mzigo, yaani urani yenyewe. Alfajiri ya 22 Juni 2025 ndege za B-2 za Marekani ziliangusha mabomu 14 ya GBU-57, kila moja likiwa na uzito wa karibu kilo 13,600. Kumi na mawili yaliangukia Fordow, kituo kilichochimbwa ndani ya mlima, na mawili Natanz. Uharibifu ulikuwa mkubwa. Lakini kabla ya vita hivyo, Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki (IAEA) lilikadiria kuwa Iran ilikuwa na kilo 440 hivi za urani iliyorutubishwa hadi asilimia 60. Urani hiyo huwekwa kwenye mitungi midogo inayoweza kupakiwa kwenye gari la kawaida. Baada ya mashambulizi, miezi ilipita wakaguzi wakiwa hawana njia ya kuipima.

Asilimia 60 ina uzito gani? Chukua punje 1,000 za urani kama inavyotoka ardhini. Zinazofaa kwa bomu ni 7 tu. Kurutubisha ni kuzichambua zile zisizofaa na kuziondoa, kazi inayofanywa na mashinepewa zinazozunguka kwa kasi kubwa mno. Ili ufike asilimia 3.67, kiwango kilichoruhusiwa na makubaliano ya 2015 kati ya Iran na mataifa makubwa, yaliyouwekea mradi wake mipaka ili vikwazo vilegezwe, unaondoa punje kama 810, zinabaki 190. Ukifika asilimia 20 zimebaki 35. Ukifika 60 zimebaki 12 hivi. Na kutoka hapo hadi asilimia 90, kiwango cha silaha, unaondoa punje 4 tu. (Kiwandani hesabu hainyooki namna hii, maana baadhi ya zile 7 hupotelea kwenye makapi, lakini uwiano ndio huo.)

Kwa hiyo mwenye asilimia 60 amekwisha kumaliza karibu kazi yote, na iliyobaki haihitaji kiwanda kikubwa kama cha Natanz. Kwa vipimo vya IAEA, kilo 42 hivi za kiwango hicho zikirutubishwa zaidi zinatosha bomu moja. Gawanyeni wenyewe zile 440. Ndiyo maana tunashikilia kwamba anayetaka kulala usingizi anahitaji mizani karibu na mitungi hiyo, na mizani haiangushwi kwa ndege.

Mbona Israel ilipiga kinu cha nyuklia cha Iraq mwaka 1981 na cha Syria mwaka 2007, na hakuna kati yao aliyepata bomu?

La Syria tunalikubali bila kusita. Kinu cha al-Kibar kilipigwa 6 Septemba 2007, na Syria haikukijenga tena. Lilikuwa jengo moja, halijaanza kazi, na kwa maelezo ya Marekani lilijengwa kwa msaada wa Korea Kaskazini.

La Iraq ni tofauti. Kinu chake cha Osirak kilibomolewa 7 Juni 1981, kisha Saddam Hussein akaupanua mradi wake na kuuingiza mafichoni. Baada ya vita vya Ghuba vya 1991, wakaguzi walikuta mitambo mikubwa ya kutenganisha urani kwa sumaku, njia ambayo mataifa ya nje hayakuitarajia kabisa. Waliosimamia kuiteketeza walikuwa wakaguzi hao.

Kabla ya kumsifu rubani, basi, uliza: ujuzi uko vichwani mwa wenyeji, au umeazimwa? Kuna jengo moja, au mengi? Urani imekwisha kurutubishwa, au bado? Iran inajitengenezea mashinepewa zake, ina vituo kadhaa, na mzigo inao tayari.

Wakaguzi hudanganywa. Kamuhuri ka waya kanamzuia nani?

Hakamzuii mtu, kanamuumbua. Muhuri wa chuma ambao IAEA imeutumia kwa miaka mingi kufungia vifaa una mikwaruzo ya kipekee kwa ndani, iliyopigwa picha kabla ya kufungwa. Ukitolewa hupelekwa makao makuu ya shirika hilo Vienna na kulinganishwa na picha yake. Ule wa kielektroniki hupitisha mwanga kwenye uzi wa kioo. Uzi ukifunguliwa, muda unaandikwa hapo hapo. Halafu kuna kitambaa cha pamba, sentimita 10 kwa 10, cha kufutia vumbi ukutani. Mwaka 2003, kwenye karakana ya Kalaye Electric mjini Tehran, Iran ilikuwa imekarabati jengo kabla ya kuwaruhusu wakaguzi kuchukua sampuli. Hata hivyo, chembe za urani iliyorutubishwa zilionekana.

Kinachoua ukaguzi ni kufungiwa mlango. Marekani ilijitoa kwenye makubaliano ya 2015 tarehe 8 Mei 2018, wakati ripoti za IAEA zilikuwa zikionyesha Iran inaheshimu mipaka iliyowekwa. Mwaka uliofuata Iran ikaanza kuivuka. Februari 2021 ikasitisha ukaguzi wa ziada, Aprili ikafika asilimia 60, na Juni 2022 ikang'oa kamera 27. Inatuuma kuiandika orodha hii, kwa sababu kila hatua ilionekana ikija.

Makubaliano mapya yakija, nitajuaje kama yana maana?

Anza na kilo. Desemba 2015 meli iliondoka Iran na kilo kama 11,000 za urani ya kiwango cha chini kuelekea Urusi, ndipo vikwazo vikalegezwa Januari 2016. Mpangilio huo ulikuwa sahihi: mzigo kwanza, fedha baadaye. Ukisikia vikwazo vinaondolewa kabla mitungi haijapimwa, tia shaka.

Pili, tazama adhabu. Azimio 2231 la Baraza la Usalama, lililoidhinisha makubaliano ya 2015, lilikuwa na kifungu cha werevu. Mwanachama wa makubaliano akilalamika, siku 30 zinaanza kuhesabiwa, na vikwazo vya Umoja wa Mataifa vinarudi vyenyewe isipokuwa Baraza lipige kura kuendelea kuvisitisha. Kura ya turufu, ambayo kwa kawaida humkinga mkosaji, hapo ikawa haimsaidii. Uingereza, Ufaransa na Ujerumani walikitumia 28 Agosti 2025, na vikwazo vikarudi mwishoni mwa Septemba.

Tatu, tazama anachohakikishiwa yule anayeachia. Muammar Gaddafi wa Libya alikubali kusalimisha mradi wake wa nyuklia Desemba 2003. Oktoba 2011 aliuawa, baada ya miezi ya mashambulizi ya ndege za NATO. Korea Kaskazini imelitaja tukio hilo hadharani kama sababu ya kushikilia silaha zake. Makubaliano yasiyosema lolote kuhusu usalama wa upande wa pili yatavunjika hapo, hata kama hesabu za kilo ni safi.