Usimruhusu fundi ashushe pampu! (kwa mwenye Hilux yenye injini ya 5L inayotetemeka na kuzima)

Mkuu simama hapo hapo. Umesema umetoa injini ya dizeli ya 2L kwenye Hilux ukaweka ya 5L used, sasa ikiwa kwenye sailensi (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) inatetemeka, mzunguko unapanda unashuka, ukifika kwenye taa ukikanyaga klachi inazima, na fundi kakwambia kesho asubuhi anashusha pampu ya dizeli aipeleke ikafanyiwe savisi. Hilo la mwisho ndo limenitoa kitandani usiku huu. USIMRUHUSU. Mwambie asubiri, na akikuuliza kasema nani mwambie kasema mtu aliyelipia hiyo pampu mara mbili.

2019 nilikuwa na Hilux ya kubebea nyanya kutoka Ilula kwenda Dar. 2L ilishachoka, cc 2446 na matenga yamejaa mpaka juu, kila mlima tunapitwa na kila mtu. Nikaona niweke 5L, ni familia moja, cc 2986, haina kompyuta, pampu ni ile ile ya kuzunguka, nikajua hapa sina presha. Injini ikafungwa siku mbili ikawaka, safi kabisa, nikatembea nayo kama siku nne. Ya tano asubuhi stata inazunguka mpaka betri inalalamika, ikija kuwaka inatikisika cabini nzima, dakika kumi baadaye imetulia, ukisema afadhali inazima tena.

Nikaenda kwa fundi pampu. Yule bwana hakufungua hata boneti vizuri jamani, alisikiliza mlio sekunde kumi akasema "pampu imekula, na nozeli zimekufa". Nikamuamini kwa sababu kavaa ovaroli safi na ana mashine ukutani inawaka taa! Laki nne na nusu savisi ya pampu, nozeli nne (zile zinazopuliza mafuta ndani ya injini) juu yake, na gari imelala kwake siku sita nyanya za watu zinaiva shambani. Ikarudi inatetemeka vile vile. Tena sasa na jipya, kwa sababu wakati wa kuirudisha hakuwa na saa ya kupimia taiming (muda wa pampu kupuliza mafuta), alikisia kwa macho akaisogeza pampu akabana nati, injini ikawa inagonga kama mtu anavunja kokoto. Nikamrudia, akaisogeza upande wa pili, kugonga kukapungua lakini asubuhi inatoa moshi mweupe mtaa mzima unafunga madirisha. Nikamwambia kaka mbona tatizo langu la mwanzo liko pale pale? Akanijibu hiyo pampu imechoka kabisa, tafuta nyingine. Nikatafuta nyingine!! Pampu ya pili, fedha nyingine, fundi yule yule. Mpaka leo nikipita ile gereji damu inachemka, maana hakuwahi kuugusa ule mpira unaoleta mafuta kwenye pampu hata kwa kidole. Na msinicheke, fundi akikushikia gari na mzigo unaoza utalipa tu.

Sasa mlima Kitonga. Nashuka na mzigo kwenda Dar, nakanyaga klachi nirudi namba mbili, injini ikazima. Kwenye hizi Toyota za dizeli pampu ya upepo wa breki imekaa nyuma ya alternita, injini ikizima na yenyewe imesimama, kilichobaki kwenye buster (inayosaidia mguu kukaza breki) ni cha kukanyaga mara moja mbili. Nilikanyaga ya tatu pedali ikawa ngumu kama jiwe na usukani umekuwa mzito. Kilichoniokoa ni kwamba gia ilishaingia, nikaachia klachi injini ikadaka tena kwa mwendo wa gari. Watu wanaosema "inazima tu kwenye taa siyo mbaya" nawaomba wasiseme hivyo tena.

Nikajikokota mpaka Ruaha Mbuyuni nikapaki kwa wauza vitunguu mikono inatetemeka kuliko injini. Dereva mmoja mzee wa Fuso akaja kuniangalia, akauliza swali moja tu: "Mwanangu, upepo umeshautafuta?" Akachukua kidumu cha lita tano, akaweka dizeli safi, akakifunga juu kuliko pampu, mbali na feni na ekzosi, akachomoa mpira unaoingia kwenye pampu akaweka mpira mpya kutoka kwenye kidumu, na ule wa kurudisha mafuta akaurudishia humo humo. Tukatoa upepo kwenye mafuta, tukapiga stata. Aisee. Ikatulia kwenye sailensi kama cherehani, nusu saa nzima haijatikisika. Laki ngapi nimeshamwaga na jibu lilikuwa kwenye kidumu.

Elewa kwa nini, maana hapa ndo mafundi wengi wanapotelea. Kwenye hizi injini za L hakuna pampu nyingine ya kusukuma mafuta kutoka tenki, pampu yenyewe ndo inavuta. Kwa hiyo mpira ukipasuka kabla ya pampu hutaona dizeli inadondoka chini, injini ikiwa inaunguruma mafuta hayatoki, upepo ndo unaingia. Unaangalia chini pakavu unasema hamna liki. Usiku mafuta yanarudi tenki, asubuhi unasumbuka kuwasha. Ni nini kilibadilika wakati wa kufunga injini? Mipira ilichomolewa. Wangu ulikuwa wa zamani wa 2L, mgumu kama mti, waliofunga injini wakauvuta ufike kwenye filta na kuufunga kwa binding waya badala ya klipu. Mpira mpya na klipu, elfu kumi na mbili.

Kwa hiyo wewe kesho kidumu kwanza. Ikitulia, pampu haina kosa, fuata kuanzia tenki mpaka filta, na ile pampu ya mkono juu ya filta ikague, oringi zake (pete za mpira) zikikauka zinavuta upepo. Ukitaka kuona kwa macho, weka kipande cha ule mpira mweupe mafundi ujenzi wanaopimia leva kwa maji, karibu na pampu, utaona povu linapita. Isipotulia na kidumu, kabla ya lolote angalia bolti mbili zenye tundu juu ya pampu, ya kurudisha imeandikwa OUT na tundu lake ni dogo sana, ukikuta imewekwa upande wa kuingiza injini inakufa njaa, na wanaofunga injini haraka haraka huzichanganya. Halafu waya wa selenoidi ya kukata mafuta, ukilegea tu inazima ghafla. Hapo ndo tuanze kuongelea nozeli na kompresheni.

Uliuliza pia mountingi (zinazoshikilia injini) na sijui kadi ya gari, hayo wengine watakujibu, mimi siwezi kuwaza mountingi wakati mtu anakuja kesho na spana za pampu. Saa ngapi anakuja? Kidumu unacho? Upige picha ule mpira unaotoka kwenye bomba la chesisi kuingia filta, weka hapa tuone umefungwa na nini.