Kurekodi koncheto ya piano Mombasa: hewa kwanza, maiki baadaye

Anayetaka kurekodi koncheto, yaani utungo wa piano na okestra, ya mtunzi Grieg au Rachmaninoff hapa Mombasa huanza kuuliza bei ya maiki. Bora aanze na hewa ya ukumbi. Piano hupenda unyevu wa asilimia 40 hadi 50, na pwani yetu asilimia 75 ni jambo la kila siku. Ubao ulio chini ya nyuzi hunywa unyevu huo, huvimba, nyuzi hukazika na sauti hupanda, hasa katikati ya piano.

Sasa tazama mambo yanavyoharibika. Fundi anaisawazisha piano kiyoyozi kikiwaka, halafu kiyoyozi kinazimwa kwa sababu kinavuma. Sauti ya piano inahama taratibu, na kipande kilichopigwa saa tatu hakiungani tena na cha saa tano. Zimeni kiyoyozi tangu jana yake, ndipo fundi afanye kazi. Mwambieni aiweke noti ya la kwenye mitetemo 442 kwa sekunde, si 440, kwa kuwa joto hupandisha sauti ya klarineti na filimbi. Obo, zumari ya okestra, ichukue noti hiyo kutoka kwenye piano. Fundi mwenyewe asiende nyumbani. Kila mapumziko apitie nyuzi.

Anzeni saa tatu usiku, adhana ya Isha ikiwa imeshapita na matatu zimepungua. Msikawie hadi alfajiri, maana kunguru wa mjini hawana adabu. Feni zote zizimwe. Sehemu ya pili ya Grieg, ambapo vayolini huanza kwa sauti iliyozibwa, ndiyo hufichua kila kitu: pedali inayolia, kiti, karatasi inayofunuliwa. Irekodini saa ambayo mji umetulia kabisa, hata kama ni kabla ya sehemu ya kwanza.

Maiki kuu ni tatu, zinazonasa sauti pande zote, kama mita 3 juu ya sakafu, karibu na mwongozaji. Ya kushoto na ya kulia ziachane mita 2, ya kati itangulie mita 1.5 kuelekea okestra. Piano ipate jozi yake ya maiki, mita 1.5 hivi kutoka ukingoni, kifuniko kikiwa wazi kabisa. Sauti hutumia takriban milisekunde 3 kwa kila mita, kwa hiyo maiki ya klarineti iliyo mita 7 mbele ya zile kuu icheleweshwe milisekunde 20. Bila hivyo klarineti itasikika kama imekalia mapaja ya mpiga piano. Kilele kikubwa kibaki desibeli 10 chini ya kikomo cha kinasa sauti.

Kwenye koncheto ya pili ya Rachmaninoff, piano hufungua peke yake, kisha vayolini na klarineti hushika wimbo huku piano ikisindikiza kwa noti nyingi. Hapo wengi huongeza sauti ya piano, kwa kuwa jina la mpigaji ndilo litakaloandikwa kubwa. Wimbo uko kwa okestra. Iacheni piano izame kidogo.

Pigeni kila sehemu nzima mara mbili, ndipo mrudie palipoharibika, mkianza angalau baa 8 (vipimo vya muziki) nyuma ili mwangwi uwe umeshajaa mnapofika penye kiungo. Na kadenza, pale mpiga piano anapoonyesha ustadi wake, ingawa piano iko peke yake, isiachwe hadi okestra iondoke: miili ya watu hunyonya mwangwi, na ukumbi mtupu utalia tofauti.