Mtumbwi hupimwa mchangani kabla ya majini: kwa timu zinazoanza mashindano ya makasia Mwanza

Timu mpya huanza kwa kutafuta watu wenye mikono minene. Si vibaya, ila ni kuanzia mwisho. Mashindano ya mitumbwi katika Ghuba ya Mwanza hupotea sehemu tatu zisizohitaji msuli: kwenye meza ya ukaguzi, kwenye maungio ya mbao yanayovuja, na kwenye boya la kugeuzia. Ukishapita hapo ndipo mikono inaanza kuhesabiwa. Mazoezi ya nguvu tutayaacha. Mvuvi aliyevuta nyavu za sangara miaka kumi hana cha kujifunza kwetu upande huo.

Soma karatasi ya kanuni ya mwaka huohuo, usikariri ya mwaka jana. Umbali, idadi ya wapigaji na urefu wa mtumbwi hubadilika kutoka shindano moja hadi jingine, na kuna shindano linalotoa mitumbwi na jingine linalotaka uje na wako. Yasiyobadilika sana ni machache. Chombo kiende kwa makasia tu, bila injini wala tanga. Majina yakishaandikwa na kufungwa, huingizi mtu mwingine asubuhi hata kama mpigaji wako ameamka na homa, isipokuwa akiba aliyeandikwa. Boya la kugeuzia lizungukwe upande uliotajwa. Na kila aliyemo chomboni avae jaketi la kuokolea tangu anaposukuma mtumbwi hadi anapogusa mchanga tena. Ukimuuliza mkaguzi ni kosa gani linalotoa timu nyingi kabla hata ya filimbi, atakutajia hilo la mwisho.

Kuhusu jaketi hilo, ambalo mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, watu huliita boya tu: usikubali lolote ulilopewa kwa sababu lina rangi ya machungwa. Angalia ndani ya kola au mgongoni kuna lebo inayosema linabeba kiasi gani. Newton 100 ni karibu kilo 10 za kumwinua mtu, na hizo zinamtosha mtu mzima kuweka mdomo juu ya maji, kwa sababu ukiwa majini sehemu kubwa ya uzito wako hubebwa na maji yenyewe. Newton 50 ni kwa anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Halafu livae, funga mikanda yote, mwenzako ashike mabegani alivute juu. Likipanda zaidi ya vidole vitatu ni kubwa kwako; ukianguka majini litakupanda hadi usoni na kukuziba pua badala ya kukuokoa. Minya sifongo lake pia. Sifongo lililozeeka huwa gumu na hupasuka, na mengine hunywa maji. Lizamishe kwenye pipa nusu saa, ulipime kabla na baada. Likiongezeka uzito hata baada ya kuchuruza, libaki nyumbani. Uzi wa mikanda huoza kwa jua mapema kuliko kitambaa, kwa hiyo vuta kila mshono kwa nguvu ungali nchi kavu.

Sasa mtumbwi wenyewe. Hapa ndipo tunapowaomba wageni wakae kidogo.

Mtumbwi wa mbao ulioachwa juani wiki mbili unapendeza kubeba: mwepesi, mkavu, watu sita wanauinua. Timu nyingi huutaka hivyo hadi asubuhi ya shindano. Tatizo ni kwamba mbao zikikauka hunywea, na maungio hufunguka nafasi isiyoonekana kwa macho. Ukiushusha majini siku hiyohiyo, maji yanaingia kimyakimya tangu dakika ya kwanza. Piga hesabu: sakafu ya mita 6 kwa sentimita 70, maji yakifika kina cha sentimita 2 tu, ni lita 84. Yaani kilo 84. Umempakia mtu mzima asiye na kasia, na tena huyu hatulii. Mtumbwi ukiinama kushoto naye anakimbilia kushoto.

Kwa hiyo ushushe majini siku mbili kabla, uufunge mahali penye kivuli na mlinzi, mbao zivimbe na kubana zenyewe. Utaongezeka uzito kidogo, ndiyo. Uzito wa mbao zilizolowa unakaa mahali pake, wa maji yanayocheza ndani haukai. Sehemu ambazo bado zinavuja baada ya siku hizo mbili ndizo za kukalafati, yaani kuziba kwa pamba: toa pamba ya zamani yote, usijaze mpya juu ya iliyooza, sokota pamba iwe uzi wa unene wa penseli, ichovye mafuta, ipigilie ndani kwa patasi butu na nyundo nyepesi. Ukitumia nyundo nzito unaipanua nafasi badala ya kuiziba, na kesho yake inavuja zaidi. Fundi ataijua ilipobana kwa mlio: mwanzoni ni mzito na mbovu, ikikaza unakuwa mkavu kama wa kugonga mlango.

Vipande vya bati vilivyopigiliwa juu ya maungio vikaguliwe kwa kiganja, si kwa macho. Kona ya bati iliyoinuka milimita mbili hukwamisha gugu maji, na gugu moja likishika hukusanya mengine. Unavuta shamba bila kujua kwa nini mtumbwi umekuwa mzito.

Beba vyombo viwili vya kukumbia maji. Bora kuliko vyote ni dumu la lita 5 lililokatwa kwa mshazari, mpini na kifuniko vikabaki, maana mdomo wake mpana huingia kwenye pembe za sakafu ambako ndoo haifiki. Lifunge kwa kamba ya mita moja. Lisilofungwa huelea na kwenda zake mtumbwi ukipinduka, saa ileile unapolihitaji.

Kasia. Simama wima, weka ncha ya bapa chini karibu na mguu wako; mpini ufike kati ya kidevu na pua. Anayekaa katikati ambako mtumbwi ni mpana aongeze upana wa kiganja. Refu kupita hapo linakuchosha bega, fupi linakukunja kiuno. Bapa la sentimita 20 hivi linatosha. Vijana hupenda pana zaidi kwa kuwa linashika maji mengi, na kwa mita 200 za kwanza wanaonekana mashujaa. Pima na uzito. Kwa mapigo 60 kwa dakika, shindano la dakika 40 ni kuinua kasia mara 2,400. Kasia lililozidi gramu 200 limekuinulisha kilo 480 za ziada, karibu magunia matano ya mahindi, bila kusogeza mtumbwi hata hatua moja.

Kabla ya kulipia, tazama nyuzi za mbao shingoni, pale mpini unapoungana na bapa. Ziwe zinashuka moja kwa moja. Zikikatiza upande kwa mshazari litavunjika hapohapo, na si mazoezini. Litavunjika kwenye mpigo wa kwanza baada ya filimbi, watu wakivuta kwa hasira. Chukua makasia mawili ya akiba. Mpini upige msasa mwororo na uuache bila vanishi, kwa sababu vanishi ikilowa huteleza, nawe unakaza vidole kupita kiasi, na malengelenge yanaanzia hapo.

Kukaa chomboni: wazito katikati, wepesi mbele, na kushoto na kulia wakaribiane kwa kilo, si kwa idadi tu. Pimeni watu mizani ya dukani, msikisie. Mbele ikizama, mtumbwi haushiki njia. Nahodha wa nyuma atakuwa akisahihisha kila dakika kwa kasia lake la kuongozea, na kila sahihisho ni breki. Maji yakiwa shwari uwe sawa mbele na nyuma. Mawimbi yakija usoni, rudisha mtu mmoja nyuma ili mbele ipande kidogo.

Wote wamfuate mmoja wa mbele kabisa, si wimbo wa kila benchi. Wimbo si pambo; ndio saa yenu. Chagueni mmoja wenye mwendo unaoingia kwenye mapigo 55 hadi 60, mwingine wa 70 kwa mita za mwisho, na msibadilishe hadi nahodha aseme. Kosa linalorudiwa na kila timu changa ni kupiga haraka na kifupi: makasia yanarusha maji juu, watazamaji wa ufukweni wanashangilia, mtumbwi umesimama. Kasia liingie lote hadi bapa lisionekane ndipo uvute. Ukisikia mlio wa kofi, mtu amevuta kabla halijazama.

Boya la kugeuzia lina mambo yake. Mtumbwi mrefu haukati kona kama bodaboda. Anza kugeuza ukiwa umebakiza urefu wa mitumbwi mitatu, ingia kwa mbali kidogo na boya, toka ukiwa karibu nalo. Wa upande wa ndani wazamishe makasia na kuyashikilia tu, bila kuvuta. Wa nje wavute kwa urefu. Nahodha atoe amri moja fupi iliyozoeleka mazoezini, maana pale kelele ni nyingi na timu tatu zinafika pamoja. Anayetaka kumpita mwenzake ndiye mwenye wajibu wa kumkwepa, hata kama aliyeko mbele anayumba kama amelewa. Mkigongana na wewe ndiye uliyekuwa unapita, usitegemee huruma ya waamuzi.

Juu ya upepo, wageni wa bara hushangaa kwa nini mashindano huanza asubuhi hivyo. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, mwepesi. Jua likipasha ardhi, kuanzia saa 4 au 5 hivi, hugeuka na kutoka ziwani kuja nchi kavu, na mawimbi huja nao. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi, upepo wa kusini, huongeza nguvu. Mkichelewa kuanza kwa saa moja mnashindana kwenye ziwa jingine. Angalia utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wa watumiaji wa ziwa jioni ya kabla yake, na asubuhi tazama mwenyewe mawingu. Ukisikia radi, toka majini, na usirudi hadi nusu saa ipite tangu mngurumo wa mwisho, hata kama jua limeshawaka na mwandaaji anaangalia saa. Kanda hii ni kati ya zenye radi nyingi duniani, na mtu aliyeketi juu ya maji matambarare ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu.

Mkizoea, fanyeni zoezi la kupinduka makusudi. Maji ya kifuani, majaketi yamefungwa, watu wawili waogeleaji hodari wakisubiri nje, mahali pasipo matete wala historia ya mamba. Kila mmoja ashike mtumbwi. Mbao zinaelea hata zikijaa maji, na waokoaji huona mtumbwi kabla ya kichwa. Nahodha ahesabu kwa sauti, kila mtu ajibu namba yake. Anayejiona anaweza kuogelea hadi ufukweni ndiye wa kukemewa kwanza. Kuumwaga maji, usimameni upande mmoja, mtikise kushoto na kulia hadi wimbi la ndani liruke juu ya ukingo, halafu dumu limalizie. Mkizidi dakika tano, rudieni wiki ijayo.

Mwili una machache. Ugali saa tatu kabla, si nusu saa. Nusu lita ya maji saa mbili kabla, na chupa ya nusu lita iliyofungwa kwenye benchi. Maji ya ziwa usiyanywe, hata ya katikati yanayoonekana safi. Plasta ibandikwe vidoleni kabla ya kuota lengelenge, wakati mkono ni mkavu, na mafuta mazito yapakwe kwapani ambako jaketi hukwangua.

Limebaki la kichocho, ambalo hakuna kanuni ya shindano inayolitaja. Kinakupata pale unaposukuma mtumbwi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, ambako konokono wake wanaishi, kwa hiyo shushieni mitumbwi penye mchanga mtupu au mawe. Kujikausha kwa taulo hakutoshi. Ukipima wiki moja baada ya shindano utaambiwa huna, kwa kuwa mayai ya minyoo wake hayaonekani mapema hivyo. Subiri wiki 6 hadi 8. Na kwa kuwa cha pwani ya ziwa hili ni hasa kile cha tumbo, ukifika maabara omba kipimo cha choo kikubwa. Wengi hupeleka mkojo peke yake na kurudi nyumbani na majibu mazuri yasiyo ya kweli.