Jibu: Punch halikuwa la vichekesho tu

Mkuu, umeuliza kama mashairi kwenye Punch, lile gazeti la wiki la London, miaka ya mwanzo ya 1900 yalikuwa ya kujazia nafasi tu. Hapana. Mhariri wake tangu 1906, Owen Seaman, alikuwa mshairi mwenyewe, hodari wa kuwaiga washairi wakubwa kwa kejeli.

Msaidizi wake alikuwa A. A. Milne, kijana wa miaka 24. Sahau Winnie-the-Pooh, yule dubu wa hadithi za watoto aliyemletea jina baadaye. Wakati ule alikuwa akiandika visa vifupi vya marafiki waliojiita Sungura: wanacheza kriketi, wanataniana kutwa. Tukio kubwa hakuna, utamu wote uko kwenye majibizano. Kwangu hivyo ndivyo bora kuliko vyote.

Ikaja vita. Tarehe 8 Desemba 1915 gazeti hilohilo la mizaha likachapa “In Flanders Fields” la daktari Mkanada, John McCrae, bila kuweka jina lake chini ya shairi. Beti tatu tu, na wanaosema ni wafu.

Anza na Milne wa kabla ya 1914. Katuni za siasa ruka, mpaka uwajue mawaziri wa enzi hizo ndipo ucheke.